Mlango wa Ngitili ya Mwasenge

Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi ya misitu mjini Shinyanga, viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi, nikimngoja mtu mwenye ufunguo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na elimu ya darasa la nane, barua ya kuajiriwa kuwa msaidizi wa misitu, na tabia moja ambayo mama yangu aliilalamikia tangu utoto wangu: sikuweza kukaa. Kabla ofisi haijafunguliwa nilikuwa nimekwisha kung'oa majani yote yaliyoota kando ya ngazi na kuyarundika mahali pamoja.

Bwana Misitu wa Wilaya alifika kwa baiskeli. Alitazama ngazi, kisha akatazama mikono yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma kufanya hivi?"

"Hakuna mtu, mzee. Nilikuwa naondoa magugu."

"Huo ni ukoka wangu. Nimeuleta kutoka Mwanza kwa basi, kwenye mfuko, nikiumwagilia njia nzima." Aliegemeza baiskeli ukutani. "Rudisha."

Basi kazi yangu ya kwanza katika utumishi ilikuwa kupanda ukoka, shina kwa shina, huku makarani wakipita na kunipa pole kwa sauti za kicheko. Nawaeleza vijana jambo hili kwa sababu kazi niliyoifanya baadaye kwa miaka mingi ilikuwa ya namna hiyohiyo: kurudisha majani mahali ambapo watu wenye haraka waliyaondoa. Mmoja wa watu hao wenye haraka, mara nyingi, nilikuwa mimi.

Wakati ule msaidizi wa misitu alipimwa kwa miche. Tulikuwa na kitalu nyuma ya ofisi. Kitalu ni shamba dogo la kukuzia miche kabla ya kuipeleka nje. Mbegu ziliatikwa kwenye tuta lenye kivuli cha nyasi, na mche ulipotoa majani mawili ya kweli tuliuhamishia kwenye kiriba, yaani kimfuko cha nailoni kilichojazwa udongo uliochanganywa na samadi. Ilipokaribia mvua tulipunguza maji na kuondoa kivuli kidogokidogo ili mche uzoee ukali wa jua. Miche yetu ilikuwa mijohoro na mikaratusi. Kuhusu majani ya asili, matete ya mtoni, migunga iliyojiotea, hakuna aliyetuuliza. Vitu hivyo havikuhesabika kuwa kazi.

Mambo mengine nilijifunza mwenyewe. Nilinunua sokoni kitabu kikuukuu cha udongo kilichokosa jalada, nikakisoma jioni mpaka nikakielewa, kisha nikaanza kulinganisha maneno yake na ardhi niliyoikanyaga. Nilijifunza kutofautisha udongo mweusi wa mbuga, ambao hupasuka kiangazi na kunata masika, na ule wa kijivu unaoganda kama sakafu ya saruji, maji yakatelezea juu yake bila kuzama. Sikuwa na cheti kwa hayo. Yalinisaidia tu kutembea bila kuchoka, maana kila nilipokwenda palikuwa na kitu cha kutazama.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa upande wa Geita, kwenye msitu uliopakana na machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walihitaji magogo ya kuegemeza kuta za mashimo yao, na magogo hayo waliyaita matimba. Msitu ulikuwa umeliwa upande mmoja kama mkate. Mkuu wa Hifadhi pale alikuwa mtu mfupi, mzito, mwenye kikohozi, ambaye karibu kila siku alikaa kwenye kiti cha kamba nje ya kibanda chake akitazama visiki.

Nilimwomba miche. Nilimwomba majembe na vibarua. Mara ya tatu alinikatiza.

"Kijana, kile kisiki pale. Kina nini?"

"Kina machipukizi, mzee."

"Nani kayapanda?"

"Yamejiotea."

"Basi kazi yako ni kuzuia moto na mbuzi. Mti una mizizi chini, unajua unachotaka. Wewe ndiye hujui unachotaka."

"Na mimi nifanye nini mchana kutwa?"

"Kaa."

Nilikaa siku moja. Siku iliyofuata nilianza kuuzunguka msitu kwa miguu, na nadhani niliuzunguka mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa pale. Nilipohamishwa, machipukizi ya vile visiki yalikuwa yamepita kichwa changu. Mkuu wa Hifadhi alikuwa bado kwenye kiti chake.

Nilirudi Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nchi ilikuwa imebadilika sura. Katikati ya miaka ya sabini watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa vijijini. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue na kumwaga mbegu, kisha likafunguliwa mwisho wa kiangazi, kipande kimoja baada ya kingine, wakati ng'ombe hawana pengine pa kula. Kila boma lilikuwa na ngitili yake, na ukoo ulikuwa na yake kubwa. Watu walipohama, ngitili zilibaki bila mwenyewe. Ng'ombe waliingia wakati wowote. Majani yaliisha, ardhi ikawa wazi, na mvua ikaanza kuchimba.

Nilipangiwa kitongoji kimoja upande wa Samuye, kando ya kijito kiitwacho Mwasenge. Kiangazi kijito hicho hakina maji juu. Maji yamo chini ya mchanga, na akina mama huchimba kisima cha mkono, wakakinga maji kwa kata. Kisima cha kitongoji kilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona ambapo mwamba ulizuia maji yasishuke. Juu ya kona hiyo, kingo zote mbili za kijito zilikuwa zimeliwa na ng'ombe mpaka zikabaki udongo mtupu. Makorongo, yaani mifereji inayochimbwa na maji ya mvua, yalikuwa yakishusha tope jeusi kuelekea kisimani.

Katibu Tarafa alinieleza waziwazi kilichokuwa mbele yetu.

"Kisima kile kikifukiwa na tope, kitongoji kinahama. Kitasogezwa kwenye bwawa la barabarani. Fedha ya kukodi malori imekwisha kutengwa."

"Watu wanajua?"

"Wanajua. Ndiyo maana watakusalimia vizuri."

Mtu wa kwanza kunisalimia alikuwa Mama Kabula, mjane wa makamo, aliyeongoza zamu za akina mama kisimani. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na nyasi kama nyingine zote, lakini mlango wake ulikuwa wa mninga, mbao nene, uliochongwa na marehemu mumewe kwenye boma lao la zamani. Walipohamishwa mara ya kwanza alikataa kuuacha. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umejaa mahindi, kwa hiyo aliubeba kichwani yeye na shemeji yake, nusu siku nzima.

"Bwana Miti," aliniambia akiugonga kwa ngumi ili nisikie ulivyo mzito, "mlango huu siubebi tena. Kama umekuja kutupa habari za malori, pita nyumba ya pili."

"Nimekuja kuokoa kisima, Mama Kabula."

"Haya. Kaa basi, uji uko motoni."

Sikukaa. Nilikunywa uji nikiwa nimesimama na kwenda kutazama kingo.

Lazima nieleze jinsi watu wa kule wanavyojitolea, la sivyo kilichotokea hakitaeleweka. Msukuma halimi kimyakimya. Wanaitana kikundi, ngoma inakuja shambani, na majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Hodari hulirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka na kulishusha udongoni bila kupoteza pigo. Tena vikundi vya ngoma viko pande mbili, Wagika na Wagalu, na pande hizi hushindana tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno kila upande hupiga ngoma zake uwanja mmoja na mwenzake, na upande unaovuta watu wengi ndio mshindi. Mwasenge pande zote mbili zilikuwapo. Wagika waliongozwa na Luhende, mrefu, mcheshi, mwenye maksai wawili aliowapenda kama watoto. Wagalu waliongozwa na Maige, mnene, mtaratibu, ambaye hakucheka ila Luhende alipojikwaa.

Amri kutoka ofisini mwaka ule wa kwanza ilikuwa mashimo ya miche, mengi iwezekanavyo, kabla ya mvua. Niligawa kingo: ukingo wa kushoto Wagika, wa kulia Wagalu. Sijaona kazi kama ile tena. Ngoma zilijibizana juu ya mto. Luhende alirusha jembe, akadaka, akapaza sauti ng'ambo:

"Maige! Unachimba shimo au unatafuta meno yako?"

"Natafuta ya kwako," Maige alijibu bila kuinua uso. "Yatadondoka kesho ukiona mashimo yangu."

Walichimba kutwa. Walipomaliza mashimo waliyoagizwa waliongeza mengine, kisha wakaunganisha mengine, maana hakuna upande uliokubali kuacha kwanza. Kingo zilikuwa zimebaki na vishina vya majani ya zamani hapa na pale, vikavu, vyenye mizizi hai chini. Vyote viling'olewa. Ilikuwa kazi safi, iliyonyooka, na Bwana Misitu wa Wilaya alipokuja alipeana mikono na kila mtu. Mimi nilifurahi kama wao. Baada ya miaka ya kuzunguka msitu wa Geita bila kushika jembe, niliona hatimaye kazi.

Mvua ya kwanza ilijaza mashimo. Ya pili iliyaunganisha. Ya tatu ilishuka nayo, udongo uliolegezwa na mikono yetu wenyewe ukaondoka na miche na viriba vyake, na ilipokatika tulikuwa na makorongo mapya yaliyonyooka kama tulivyoyapanga. Tope lilifika mwambani. Akina mama walilizoa kwa karai siku nyingi wakakinusuru kisima kwa shida. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sauti. Sote tulikuwa pale tukipiga makofi.

Mama Kabula alinikuta ukingoni.

"Mwakani mkichimba tena, Bwana Miti, mtakuwa mmetuhamisha ninyi, siyo Katibu Tarafa."

"Mwakani hatuchimbi."

"Mnafanya nini?"

Nilimkumbuka yule mzee kwenye kiti chake cha kamba, nikasema neno ambalo sikulipenda hata nilipolitamka: "Tunaacha."

Wazee wa kitongoji walilielewa mara moja, kwa sababu lilikuwa desturi yao: ngitili, ila sasa ya kitongoji kizima, kwenye kingo mbili za kijito. Nilieleza hatua. Kwanza, kufunika sehemu zilizo wazi kwa matawi ya migunga yenye miiba, ili yashike mbegu zinazopeperushwa na upepo na yazuie kwato. Pili, akina mama wasukume mashina ya matete kwenye tope la chini kwa mkono, bila jembe. Tatu, kuziba mapengo ya ua wa minyaa ulioyazunguka malisho ya zamani. Halafu hakuna mtu, ng'ombe wala jembe kuingia, tangu mvua zinapoanza mpaka majani yamwage mbegu na kiangazi kiishe.

Kazi hizo tatu ziliisha upesi sana. Ndipo taabu ikaanza. Watu wa ngoma walikuja asubuhi na majembe yao wakanikuta nimekaa juu ya jiwe.

"Leo tunafanya nini?" Luhende aliuliza.

"Hakuna."

"Kesho?"

"Hakuna."

Alimgeukia Maige. "Serikali imetuletea kazi ya kulala. Hii hata wewe unaiweza."

"Naiweza kuliko wewe," Maige alisema. "Wewe hata usingizini unarusha miguu. Mkeo analalamika kisimani."

Watu walicheka, lakini hawakuondoka. Walisimama na majembe yao kama watu waliokuja msibani wakakuta mgonjwa amepona. Nilihisi walivyohisi, maana miguu yangu nayo ilikuwa ikiniwasha. Niliwaambia basi washindane hivi: ukingo wa kushoto uwe wa Wagika, wa kulia wa Wagalu, kama mwaka jana. Mavuno yakipita na ngoma zikitoka, upande ambao majani yake yamesimama juu zaidi ndio umeshinda, na ngoma yake itaanza kupigwa uwanjani. Mwamuzi awe Mama Kabula, kwa kuwa akina mama huchota kutoka kingo zote mbili na hawapigi ngoma ya yeyote. Atapima kwa mwili wake: goti, paja, kiuno.

"Kwa hiyo anayefanya kidogo ndiye anayeshinda?" Maige aliuliza taratibu.

"Ndiyo."

"Luhende ameshindwa tayari."

Mashindano yale yaliniokoa kuliko nilivyotarajia, kwa njia ambayo sikuitarajia. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba mwenzake ataingiza ng'ombe kwa siri kwenye ukingo wake mwenyewe, au atayatupia majani yake dawa ya kuyakuza. Kwa hiyo Wagika walilinda ukingo wa Wagalu, na Wagalu wakalinda ukingo wa Wagika. Sikuhitaji mlinzi hata mmoja. Majani yaliota. Yalikuja kwanza yale magumu ya kando, kisha yale laini ambayo wazee walisema hawakuyaona tangu kuhama. Matete yalishika. Mimi nilizunguka. Mama Kabula alinihesabu nikipita mbele ya nyumba yake.

"Bwana Miti, hayo majani hayakui kwa kutazamwa."

"Najua, mayu," nilisema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Basi kaa."

"Nakaa kesho."

Ofisini walikuwa na wasiwasi wa namna yao. Bwana Misitu wa Wilaya mpya, aliyemrithi yule wa mwaka uliopita, alikuja na Landrova, akasimama kwenye ua wa minyaa.

"Miche iko wapi?"

"Hakuna miche, mzee."

"Waliojitolea wako wapi?"

"Majumbani kwao."

"Wanafanya nini?"

"Wanajitolea kutoingia."

"Hilo nitaliandika vipi? Mkoa wananiuliza idadi, nami niwajibu kwamba watu mia wamekaa?" Alivua kofia akajipepea. "Nakupa mpaka mvua zijazo. Tope likifika kisimani, watu wanahama na wewe unarudi kitaluni kujaza viriba."

"Sawa, mzee."

"Mbona unatembeatembea ninapoongea nawe?"

Ngoma zilipotoka baada ya mavuno, Mama Kabula alipita kingo zote mbili kwa mwendo wa bibi harusi, watu wote nyuma yake. Kushoto majani yalimfika pajani. Kulia yalimfika pajani. Alirudi akapima tena. Kisha akatangaza kwamba mbegu hazijamwagika zote, kiangazi hakijaisha, na hukumu itatolewa mvua zikianza. Hadi wakati huo ngoma zote mbili zianze pamoja. Pande zote mbili zilimzomea, na zote mbili zikatii.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Nje ya ngitili hakukubaki kitu. Ng'ombe walikula maboksi, walikula nyasi za mapaa yaliyoanguka. Ndani ya ua majani yalisimama, makavu, ya rangi ya simba, na upepo ukapita ukayalaza na kuyainua. Kila mwenye ng'ombe aliyaona kutoka mlangoni kwake. Palikuwa na pengo moja kwenye ua, upande wa Wagika, mahali ambapo zamani ng'ombe waliteremkia kunywa. Tuliliziba kwa miiba. Baada ya siku kadhaa miiba ilikuwa imesogezwa. Tukaziba tena. Ikasogezwa. Mchwa nao walikula shina la chini. Wagalu walisema ni Wagika. Wagika walisema ni Wagalu wanaotaka kuwachafulia jina. Sikujua, na sikutaka kujua, maana nilijua kwamba ng'ombe kumi wakiingia asubuhi moja, kufikia jioni watakuwa mia, na mvua ya kwanza itakuta udongo uchi.

Nilikuwa karibu na pengo hilo asubuhi moja nilipomwona Mama Kabula akija na shemeji yake, wamebeba mlango wa mninga kichwani. Nyumba yake aliiacha na jamvi limetundikwa mlangoni. Walichimba mashimo mawili, wakasimamisha miimo, wakaufunga mlango kwenye bawaba zake katikati ya ua wa minyaa, ukitazama mbuga tupu. Halafu Mama Kabula akaingia ndani ya ngitili, akaufunga, akaketi nyuma yake na kuanza kuchambua maharage.

"Ulisema huubebi tena," nilimwambia kupitia ufa wa ubao.

"Nimeubeba leo ili nisiubebe kesho. Ondoka hapo, unanizibia upepo."

Kabla ya adhuhuri alikuja Luhende. Alikuja na wale maksai wake wawili. Mbavu zao zilihesabika kwa mbali, na mmoja alikuwa akiburuta mguu. Bila maksai hangelima, na bila kulima nyumba yake isingekula. Alipouona mlango alisimama. Alinitazama mimi, akautazama mlango. Palikuwa na minyaa kushoto na minyaa kulia, ua ambao mtu hodari angeweza kuuvunja kwa panga. Lakini mlango ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba alisikika ndani, maharage yakidondoka kwenye ungo.

Luhende alisafisha koo.

"Hodi."

"Karibu!" Mama Kabula aliitikia. "Ni nani?"

"Ni mimi, Luhende. Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. U mzima? Watoto?"

"Watoto wazima." Alitazama maksai wake. "Nimekuja na ng'ombe."

"Wewe karibu. Ng'ombe wako kwangu hawaingii. Tangu lini mtu akaingiza ng'ombe sebuleni kwa mwenzake?"

"Mayu, watakufa."

Ungo ulinyamaza. Mlango ulifunguliwa kiasi cha mtu mmoja, na Mama Kabula akatoka. Aliwatazama wale maksai, akamshika yule aliyeburuta mguu paji la uso. Kisha akageuka kuyatazama majani nyuma yake.

"Bwana Miti," alisema hatimaye, "mbegu zimeanguka?"

"Upande wa juu, mbali na mto, zimeanguka."

"Jembe haliingii. Kwato haziingii. Mundu je?"

Nilifikiri. Mundu hukata juu, mizizi hubaki chini, na kisiki cha jani kifupi bado hushika udongo. Kwa kipande cha juu, mbali na kingo, ilikuwa salama. Nilisema hivyo.

Habari ilimfikia Maige kabla ya saa saba. Alikuja na Wagalu wake, na miundu, na ngoma. Nilidhani amekuja kugomba. Badala yake alielekea kwenye ukingo wake mwenyewe, wa kulia, kwenye kipande cha juu, akaanza kukata.

"Unafanya nini?" Luhende alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Namkatia maksai wako."

"Kwa nini ukate ya kwako? Utashindwa!"

"Nikikushinda nataka nikushinde ukiwa na maksai. Ukiwa huna, utasema mwaka mzima kwamba ni kwa sababu hiyo. Nakujua mdomo wako."

Ngoma ilianza. Baada ya miezi ya kukaa, watu wa Mwasenge walikuwa wamepata kitu cha kufanya kwa mikono, na mimi pamoja nao nilishika mundu na kukata hadi mgongo ukakataa kunyooka. Majani yalitoka kupitia mlango wa mninga, mzigo kwa mzigo, vichwani, kila mbebaji akipiga hodi ya utani na Mama Kabula akijibu kila mmoja. Kila nyumba ilipata. Kwato hazikuingia. Maksai mmoja wa Luhende alikufa hata hivyo, yule wa mguu mbaya. Msimu wa kulima Maige alimwazima wa kwake, na kumkumbusha kila wiki.

Mvua za kwanza zilipokuja nilisimama ukingoni nimelowa, nikitazama. Maji yalishuka kutoka mbugani, yakafika kwenye majani, yakapunguza mwendo. Yalipita katikati ya vishina, yakatua nyuma ya matawi ya miiba, yakaacha udongo wake pale. Yalipofika kwenye matete yalikuwa yamepungua rangi. Mvua ya pili hali ikawa ileile. Baada ya ya tatu nilikwenda kisimani. Akina mama walikuwa wamepanga foleni, na maji kwenye kata yalionyesha kata yenyewe chini yake.

Bwana Misitu wa Wilaya alikuja, akanywa hayo maji, akanikabidhi vitongoji vingine. Hivyo ndivyo nilivyotumia miaka yangu iliyobaki: kuzunguka kutoka ua hadi ua, hadi Kagongwa na kurudi, nikiwaambia watu hodari wa majembe waache. Nani alishinda mwaka ule, Wagika au Wagalu, hajulikani. Mama Kabula alitoa hukumu kwamba Wagalu walikuwa na majani marefu kabla ya kukata na Wagika baada ya kukata. Bado wanabishana.

Sasa nimestaafu, naishi Kambarage, nina uwanja mdogo wa ukoka nyuma ya nyumba. Mke wangu amenikataza kuung'oa. Nimepewa kiti. Nakaa asubuhi, na kufikia saa nne nimekwisha kwenda stendi na kurudi bila sababu. Vijana wa idara hunijia wakiuliza siri ya kazi, nami naona haya kuwaambia kwamba sikuwahi kuiweza. Nilizungukwa tu na watu waliokuwa tayari kukesha wakilinda majani ya mahasimu wao. Mtu asiyeweza kukaa huhitaji watu wa namna hiyo.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Mwasenge kuaga. Mlango ulikuwa umerudi nyumbani kwake. Mchwa wa mbugani waliula chini, ukakatwa, na kuku sasa wanapita kwenye uwazi. Mama Kabula alinipa kigoda, na kwa heshima yake nilikaa. Aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: ile fedha ya malori ilikwenda wapi?

Nilimwambia kwamba Katibu Tarafa aliirudisha mkoani yote, hata senti haikuguswa.

"Yote? Na bawaba zangu zimekwisha kwa kutu, nilizozitoa kwa ajili yenu, wala hakuna aliyeninunulia nyingine. Ilikuwa kiasi gani?"

"Shilingi elfu kumi na nne na mia sita, mayu."